Kasri la Colditz: kwa nini maofisa waliotoroka walirudishwa wakiwa hai

Swali la msomaji wa Morogoro: "Nimesikia habari za kasri la Colditz, ambako Wajerumani waliwafungia maofisa wa nchi adui wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Inasemekana mateka wale hawakufanyishwa kazi, walikuwa na watumishi, na waliotoroka wakikamatwa walirudishwa tu kasrini. Utawala uliokuwa ukiua watu kwa mamilioni uliwezaje kuwavumilia hivyo? Na je, ofisa Mwafrika angeweza kufungwa pale?"

Ndugu msomaji, uliyoyasikia ni kweli kwa sehemu kubwa, lakini mateka wa Colditz hawakuishi kwa huruma ya waliowateka. Waliishi kwa sababu Ujerumani ilikuwa na watu wake mikononi mwa Waingereza, na ilijua kwamba lolote itakalowatendea maofisa wa Uingereza lingeweza kurudi kwa maofisa wake. Pale ambapo hofu hiyo haikuwapo, au pale ambapo mateka hakuhesabiwa kuwa mtu kamili, jeshi lilelile liliua bila kusita. Kwa hiyo historia ya Colditz haieleweki ikisimuliwa peke yake, kama inavyosimuliwa mara nyingi, kwa kuhesabu mahandaki na hati bandia.

Nianze na sheria, maana bila hiyo mengine yote yataonekana kama hadithi. Tarehe 27 Julai 1929 mataifa mengi yalikubaliana mjini Geneva juu ya mkataba wa namna ya kuwatendea mateka wa kivita, na Ujerumani iliuridhia mwaka 1934, Hitler akiwa tayari madarakani. Mkataba huo ulitofautisha wazi ofisa na askari wa kawaida. Askari aliyetekwa aliweza kupelekwa kufanya kazi mashambani, viwandani au machimboni, ilimradi kazi yenyewe isihusiane moja kwa moja na vita. Ofisa hakuweza kulazimishwa kufanya kazi yoyote. Ofisa alistahili kulipwa mshahara na nchi iliyomteka kwa kufuata cheo chake, na kifungu cha 22 kiliagiza kwamba katika kambi za maofisa wawekwe askari mateka wa jeshi lao wenyewe ili wawahudumie. Kuhusu kutoroka, mkataba ulisema kwamba mateka anayekamatwa kabla hajayafikia majeshi yake anaweza kupewa adhabu ya kinidhamu tu, na adhabu ya namna hiyo haikuruhusiwa kuzidi siku 30 kifungoni.

Kipimo hichohicho kilitumika hata huku kwetu. Mwezi Januari 1943 mateka watatu Waitalia waliokuwa wamefungwa na Waingereza katika Kambi ya 354 huko Nanyuki walitoroka ili kupanda Mlima Kenya. Wawili kati yao walifika kilele cha Lenana na kusimika bendera ya nchi yao, kisha wote watatu wakarudi kambini kwa miguu yao wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungiwa selo, yaani ndani ya kikomo cha siku 30, na mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7.

Sasa tuje Colditz yenyewe. Ni mji mdogo wa Saksonia, upande wa kusini-mashariki wa Leipzig, na kasri lake limejengwa juu ya mwamba unaosimama juu ya mto Mulde. Katika karne ya 19 liligeuzwa hospitali ya wagonjwa wa akili, likabaki hivyo kwa takribani miaka mia moja, na mwaka 1933 Wanazi walilifanya kwa muda kambi ya kuwafungia wapinzani wao wa kisiasa, Wajerumani wenzao. Baada ya Poland kushindwa mwaka 1939, maofisa wa Poland ndio walioletwa kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1940 kasri likapewa jina rasmi la Oflag IV-C, ambapo "Oflag" ni kifupi cha kambi ya maofisa na namba IV ni ya wilaya ya kijeshi ya Dresden. Waingereza wa kwanza, pamoja na Wakanada waliokuwa katika jeshi lao la anga, walifika Novemba mwaka huo. Wafaransa, Wabelgiji na Waholanzi wakafuata.

Mateka hawakupelekwa pale ovyo. Colditz ilikuwa kambi maalumu ya watu wa aina mbili: waliokwisha kutoroka kambi nyingine wakakamatwa, na wale ambao Wajerumani waliwaona kuwa wakorofi au wenye chuki isiyoponyeka dhidi yao. Hata hili lilipewa kivuli cha sheria, kwa kuwa kifungu cha 48 kiliruhusu waliojaribu kutoroka wawekwe chini ya ulinzi mkali zaidi, mradi wasinyimwe haki nyingine za mateka. Matokeo yake yalikuwa kinyume cha yaliyokusudiwa. Wajerumani walikusanya chini ya paa moja mafundi wa kufuli, wachoraji wa kughushi mihuri, mafundi cherehani wa sare bandia na watu wenye uzoefu wa kusafiri kwa treni za Ujerumani bila kibali, kisha wakawapa muda mrefu usio na kazi. Kwa maoni yangu hakuna uamuzi wa usalama uliokuwa na kasoro kubwa kuliko huo katika mfumo mzima wa kambi zao.

Aliyefungua njia alikuwa Luteni Mfaransa, Alain Le Ray. Tarehe 11 Aprili 1941, mateka walipokuwa wakirudishwa kutoka kwenye uwanja wa michezo ulioko chini ya kasri, alichepuka kwenye kona ya njia, akajificha ndani ya nyumba tupu, na baadaye akavuka mpaka kuingia Uswisi. Waholanzi walikuja na ustadi wao: walitengeneza vichwa vya sanamu, wakavivika makoti na kuvisimamisha katika mistari ya kuhesabiwa ili mlinzi asigundue upungufu. Wafaransa nao walichimba handaki kwa muda wa miezi minane, wakianzia juu kwenye mnara wa saa na kupita chini ya sakafu ya kanisa. Liligunduliwa Januari 1942 likiwa limebakiza kazi kidogo tu.

Usiku wa tarehe 5 Januari 1942, Luteni Airey Neave wa Uingereza na Luteni Tony Luteyn wa Uholanzi walishuka kupitia tundu chini ya jukwaa la ukumbi wa maigizo, wakiwa wamevaa sare za kughushi za maofisa wa Kijerumani, wakapita mbele ya walinzi wakizungumza Kijerumani na kutoka langoni. Walipanda treni, wakabadilisha nguo, wakajifanya vibarua wa Kiholanzi, na siku chache baadaye walivuka mpaka karibu na Singen huku theluji ikiwa imetanda. Neave alikuwa Mwingereza wa kwanza kutoka Colditz na kufika salama. Mwaka 1945 ndiye aliyepewa kazi ya kuwakabidhi viongozi wa Kinazi hati zao za mashtaka kule Nuremberg. Baadaye akawa mbunge, na mwaka 1979 aliuawa kwa bomu lililotegwa kwenye gari lake alipokuwa akitoka bungeni London. Oktoba 1942 Waingereza wengine wanne, akiwamo Kapteni Pat Reid, walitoka kupitia jikoni na tundu jembamba la hewa la ghala la chini, na wote wanne wakafika Uswisi.

Waliofanikiwa kufika katika nchi salama kwa miaka yote ni takribani 30. Hesabu hutofautiana, kwa sababu wengine huwahesabu waliotorokea hospitalini au njiani wakati wa kuhamishwa, na wengine huwahesabu tu waliotoka ndani ya kuta. Majaribio yaliyoshindwa yalikuwa mengi mno kuliko hayo, na aliyekamatwa alipelekwa selo, akamaliza adhabu yake, akarudi kwa wenzake kupanga jaribio jingine. Mlinzi aliyewafahamu zaidi, Kapteni Reinhold Eggers, alikuwa mwalimu wa shule kabla ya vita, na alikuwa mtu wa taratibu. Alikusanya funguo za kughushi, kamba na nguo zilizokamatwa, akazipiga picha na kuzifanyia jumba dogo la maonyesho palepale kasrini. Ndiyo maana leo tuna ushahidi mwingi kutoka upande wa walinzi.

Lipo jambo moja la miaka ya mwisho ambalo lina uhusiano na Afrika Mashariki. Katika dari juu ya kanisa, nyuma ya ukuta wa bandia, kundi la Waingereza lilijenga ndege isiyo na injini yenye mabawa ya urefu wa karibu mita 10. Mbao zilitoka sakafuni na vitandani, nyaya za kuongozea zilitoka kwenye umeme wa majengo yasiyotumika, na ngozi ya ndege ilikuwa vitambaa vya magodoro vilivyopakwa uji wa nafaka ya jamii ya ulezi ili vikaze na kuzuia upepo. Waliosimamia kazi hiyo walikuwa Bill Goldfinch, Tony Rolt na Jack Best, na huyu Best alikuwa mkulima nchini Kenya kabla ya kujiunga na jeshi la anga. Walikusudia kuirusha kutoka kwenye paa kwa kuvutwa na beseni la kuogea lililojazwa zege na kuangushwa chini. Vita viliisha kabla haijaruka. Mwaka 2000 nakala yake ilijengwa na kurushwa nchini Uingereza mbele ya baadhi ya wazee walioijenga ile ya kwanza, nayo ikapaa vizuri.

Hapo ndipo masimulizi mengi hukomea, na hapo ndipo swali lako linaanza kupata uzito. Rudi kwenye kifungu cha 22. Watumishi uliowasikia walikuwa askari wa kawaida, mateka kama maofisa hao, ambao walifua, walipika, walibeba makaa na kupanga vyumba. Kutoroka, ambako kwa ofisa kulihesabiwa kuwa wajibu, hakukuwa sehemu yao. Hawakuingizwa katika mipango hiyo. Mmoja wao, Alex Ross, alimhudumia Douglas Bader, rubani maarufu aliyekuwa amekatwa miguu yote miwili, na kazi yake ilikuwa pamoja na kumbeba mgongoni kupanda na kushuka ngazi. Kwa ushuhuda wa Ross mwenyewe, ilipopatikana nafasi ya kurudishwa kwao mwaka 1943 kwa kubadilishana mateka, Bader alikataa aondoke kwa kuwa alimhitaji, na Ross akabaki hadi mwisho wa vita. Mpaka wa vyeo uliotoka Uingereza ulihamia ndani ya kasri bila kupungua.

Mpaka wa rangi nao ulihamia. Kati ya maofisa wa jeshi la Uingereza alikuwamo Mhindi mmoja tu, daktari Birendra Nath Mazumdar, aliyetekwa Ufaransa mwaka 1940. Wenzake walimpa jina la utani la tembo, na baadhi yao walimshuku kuwa jasusi. Alipoomba kushirikishwa katika mipango ya kutoroka alikataliwa, kwa hoja kwamba mtu wa rangi yake angegundulika mara moja katika barabara za Ujerumani. Wajerumani, kwa upande wao, walimpeleka Berlin akakutanishwa na Subhas Chandra Bose, aliyekuwa akiunda jeshi la Wahindi wa kupigana upande wa Ujerumani. Mazumdar, ingawa alitaka India iwe huru, alikataa kwa kuwa alikwisha kula kiapo. Akarudishwa Colditz, akagoma kula mpaka alipokubaliwa kuhamishiwa kambi ya Wahindi huko Ufaransa, akatoroka kutoka huko na kuvuka kuingia Uswisi. Mimi binafsi naona safari yake ni kubwa kuliko nyingi zilizosifiwa, kwani alikuwa akipambana na walinzi wake na pia na wenzake waliotakiwa kumsaidia.

Kuhusu ukatili, lazima ujue kwamba kuta za Colditz hazikumlinda kila aliyeingia ndani yake. Mwezi Oktoba 1942 waliletwa pale makomando saba wa Uingereza waliokamatwa Norway baada ya kulipua mtambo wa umeme wa Glomfjord. Walikaa siku chache, wakachukuliwa kwenda Berlin, na tarehe 23 Oktoba wakapigwa risasi katika kambi ya Sachsenhausen kwa amri mpya ya Hitler iliyosema makomando wote wauawe. Walikuwa wanajeshi waliovaa sare, na mkataba uliwahusu kama ulivyomhusu Neave. Machi 1944 maofisa 76 wa anga walitoroka kupitia handaki kutoka kambi ya Stalag Luft III huko Sagan; 73 walikamatwa, na 50 kati yao waliuawa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi, kwa amri ya Hitler. Baada ya hapo kutoroka kulikuwa jambo la kufa na kupona hata Colditz. Tarehe 25 Septemba mwaka huo Luteni Mike Sinclair, aliyekuwa amejaribu mara nyingi kuliko karibu wote, alipigwa risasi akikimbia kutoka kwenye uwanja wa mazoezi, akawa mtu pekee aliyeuawa akitoroka kutoka kasri hilo.

Hofu ya kulipiziwa inaonekana wazi zaidi katika kisa cha pingu. Baada ya shambulio la Wakanada na Waingereza kwenye mji wa Dieppe, pwani ya Ufaransa, Agosti 1942, Wajerumani waligundua kwamba baadhi ya askari wao waliotekwa huko walifungwa mikono na Wakanada, wakawafunga pingu mateka wengi wa Uingereza na Kanada. Uingereza nayo ikawafunga pingu mateka wa Kijerumani waliokuwa Kanada. Nchi iliyokuwa na cha kulipiza iliheshimiwa. Umoja wa Kisovieti haukuwa umeridhia mkataba wa mateka wa 1929, nao Wajerumani walifanya hilo kuwa kisingizio, japo desturi za vita ziliwabana vilevile. Kati ya wanajeshi wa Kisovieti wapatao milioni 5.7 waliotekwa, zaidi ya milioni 3 walikufa kwa njaa, baridi, maradhi na risasi, maofisa wakiwa miongoni mwao. Na hata katika mji wa Colditz wenyewe, chini ya kasri, kulikuwa na tawi la kambi ya Buchenwald ambako Wayahudi walitumikishwa katika kiwanda cha silaha huku maofisa waliokuwa juu kasrini wakipokea vifurushi vya Msalaba Mwekundu. Wanajeshi wa Marekani waliofika tarehe 16 Aprili 1945 waliwakuta maofisa wakiwa wamedhoofika lakini hai.

Sasa kuhusu ofisa Mwafrika. Jeshi la Uingereza halikuwa likiwapa Waafrika wa makoloni yake vyeo vya uofisa, isipokuwa wachache sana. Askari wa King's African Rifles kutoka Tanganyika, Kenya, Uganda na Nyasaland waliongozwa na maofisa wazungu. Kwa hiyo kwa upande wa Uingereza mlango ulikuwa umefungwa kabla ya adui kufika. Ufaransa ilikuwa na maofisa Waafrika wachache, na tunajua vizuri yaliyompata mmoja wao. Kapteni Charles N'Tchoréré, mzaliwa wa Libreville nchini Gabon, aliongoza kikosi chake kuulinda mji wa Airaines kaskazini mwa Ufaransa. Tarehe 7 Juni 1940, baada ya risasi kuwaishia, walisalimu amri. Wajerumani walimwamuru asimame pamoja na askari wa kawaida, mikono juu, naye akakataa, akitaka atendewe kama maofisa wenzake wa Kifaransa, jambo ambalo mkataba ulimpa haki nalo. Alipigwa risasi palepale.

Hakuwa peke yake. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya askari 1,500 na 3,000 wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa waliuawa na Wajerumani katika majira hayo ya mwaka 1940 baada ya kuweka silaha chini. Waliosalimika, tofauti na mateka wazungu, wengi hawakupelekwa Ujerumani, kwa kuwa Wanazi hawakutaka Waafrika katika ardhi yao. Walifungiwa katika kambi zilizokuwa ndani ya Ufaransa na kufanyishwa kazi misituni na mashambani. Mmoja wa mateka hao alikuwa Léopold Sédar Senghor, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Senegal, ambaye alifungwa kwa muda huko Poitiers.

Ofisa wa Colditz alikuwa na haki ya mshahara akiwa kifungoni; askari hawa wa Kiafrika nao walikuwa na malimbikizo ya malipo ya miaka yao ya utekwa. Waliporudishwa Senegal mwishoni mwa mwaka 1944 waliyadai katika kambi ya Thiaroye, nje ya Dakar. Tarehe 1 Desemba jeshi la Ufaransa, lile walilolipigania, liliwafyatulia risasi. Ripoti rasmi ya wakati huo ilitaja waliokufa kuwa 35, idadi ambayo wanahistoria wengi wanaiona kuwa ndogo mno, na ni mwaka 2024 tu ndipo rais wa Ufaransa alipokiri kwa maandishi kwamba yalikuwa mauaji ya halaiki.